Kikombe Alichoonja Kija

Somanda, Bariadi,
Mkoa wa Simiyu.
Jumapili, 14 Septemba 2025.

Mpendwa binti yangu Mariana,

Mwangaluka, mayu. Ni asubuhi hapa, jua halijafika dirishani kwangu, na saa hizi mkono unanitii zaidi kuliko mchana, kwa hiyo nimeona nianze mapema. Habari za Tunduma? Baridi ya huko imepungua? Kile kifua kilichokusumbua tangu Pasaka kimepoa, au bado unakohoa na kusema ni vumbi la malori? Natumaini vitenge vinatoka na kwamba umeacha kulala dukani.

Mimi nipo. Ugonjwa umeshuka kwenye mifupa ya kiuno, kama daktari wa Mwanza alivyosema utafanya. Kwenda chooni nashikwa mkono. Chakula kinapita kidogo, uji na mchuzi wa sato pale samaki wa Lamadi wanapofika sokoni wakiwa wazima. Sitegemei kuiona mvua ya kupandia pamba. Nakuambia hivi mapema ili usije ukasema ulifichwa.

Shangazi yako Milembe hajambo kwa mwili. Viazi vilikubali mwaka huu, na amekukaushia michembe mfuko mzima. Pamba ya shamba la chini tuliuza mwezi wa saba. Ng'ombe yule mwekundu amezaa jike. Hizo ndizo habari njema, nimezimaliza.

Nimeandika barua, sikupiga simu, kwa sababu simu yangu anaishika mwanao Kija na kuta za nyumba hii ni nyembamba. Pia nataka mwandiko wangu ubaki mkononi mwako. Kama kuna mteja dukani, mwambie arudi baadaye, kisha funga mlango usome.

Mwanao amesimamishwa shule. Amekutwa na dawa za kulevya.

Najua mkono wako umeshafika kwenye simu. Usimpigie. Usimtukane hata kwa ujumbe. Dawa hiyo niliiweka mimi mdomoni mwake, kila siku, tangu mwezi wa tatu.

Nianze na shule. Unajua bado mimi ni mwenyekiti wa bodi ya shule. Nimekataliwa na miguu lakini kiti hawajaninyang'anya. Mwaka jana wavulana walikuwa wakivuta bangi nyuma ya ghala la pamba, na wengine wakinusa petroli mpaka wanaanguka darasani. Wazazi walilalamika. Mimi ndiye niliyesimama nikasema tupime mkojo, tupime kwa kushtukiza, na tusichague sura. Namba za wanafunzi zinawekwa kwenye ndoo, mkuu wa shule anachovya mkono, atakayetoka ametoka. Wajumbe wawili walitaka watoto wa wajumbe wasiwekwe ndoo moja na wengine. Niliwaaibisha. Nilisema namba ya mjukuu wangu itangulie kuingia. Walinipigia makofi, na nilifurahia makofi yale kuliko inavyompasa mtu wa umri wangu.

Kanuni niliiandika mwenyewe. Bangi, anasimamishwa muhula. Dawa kali, anafukuzwa, na bodi haina nafasi ya kusamehe. Nafasi ya kusamehe niliifuta kwa kalamu yangu, nikiogopa wakubwa wataitumia kwa watoto wao.

Wa kwanza kufukuzwa alikuwa kijana mmoja, Jilala, kidato cha tatu. Alisema alipewa vidonge na dereva wa lori ili asisinzie akilinda pamba ya baba yake. Nilimsikiliza kisha nikasoma kanuni. Baba yake alivaa kofia yake tu. Sasa nasikia Jilala yuko mwaloni karibu na Nyashimo, anavuta nyavu za watu na kulala chini ya mitumbwi, na amechakaa. Nilipoambiwa, nilijibu kwamba sheria ni sheria. Nilikuwa nimekaa kwenye kiti hiki hiki, na Kija alikuwa pembeni ananikorogea dawa.

Dawa yenyewe ni mofini. Ni ya maji, chungu, ya kutuliza maumivu ya watu kama mimi. Nesi Elizabeth huniletea chupa nyumbani kila mwezi, na siku ya kwanza alinitazama machoni akasema ni yangu peke yangu, asipewe mtu hata tone. Mimi nimefundisha kemia miaka yote ya kazi yangu. Sikuhitaji kuambiwa.

Hapa ndipo penye aibu yangu, Mariana, na nimezunguka sana kufika.

Unakumbuka mama yako alivyokufa, tumbo limevimba, macho ya manjano. Hospitali ilisema ini, na picha niliziona mwenyewe. Lakini siku ya matanga ndugu yetu mmoja kutoka Bukundi alinivuta kando, akaniuliza, "Januarius, huyo Martha alikuwa anapikiwa na nani?" Akarudi kukaa na wenzake, akaendelea kula.

Aliyekuwa anampikia ni Milembe. Tangu afiwe na mumewe kule Ipililo akarudi nyumbani kwetu, ndiye mwenye jiko. Nilimcheka yule ndugu moyoni, nikajiambia mimi ni mtu wa maabara, na Jumapili nasoma somo kanisani. Nilicheka hivyo karibu mwaka mzima. Kisha tumbo langu nami likaanza kuuma, nikajikuta nauacha uji upoe, nakorogakoroga, namwangalia dada yangu anavyoshika mwiko.

Mofini ilipoanza, nilitoa sharti. Unajua kwetu anayekuletea kinywaji hukionja kwanza mbele yako, ndipo akupe. Ni adabu tu, watu hawaulizi ilianzia wapi. Nikasema katika nyumba yangu adabu hiyo irudi, kwa kila kikombe, hata cha dawa. Milembe alidhani ni uzee. Kija alidhani ni utani. Kwa kuwa maji ya kuchanganyia dawa yalitoka mtungini jikoni, na mtungi ni wa Milembe, nilitaka mtu mwingine apitishe kwanza. Nikamchagua mtoto, kwa sababu nilijua Milembe anampenda na hawezi kumdhuru.

Soma tena sentensi hiyo. Mimi nimeisoma mara nyingi kabla ya kuiandika. Kama kweli niliamini kikombeni mna sumu, basi nilimweka mwanao mbele yangu kama ngao.

Yeye alicheka. Unamjua alivyo na mimi, ananiita mume wangu mzee. Asubuhi kabla ya shule na jioni akirudi, alipima dawa kwa lile bomba la sindano alilotuachia nesi, akaongeza maji kidogo, akanywa funda moja mbele yangu huku amebana pua, kisha akanikabidhi kikombe kwa mikono miwili. Siku moja alisema, "Mume wangu, nikianguka mimi kwanza, wewe usinywe. Umwage, halafu unizike karibu na barabara nione magari." Tulicheka mpaka Milembe akaja mlangoni kuuliza kuna nini. Nilimwambia hakuna kitu.

Mwezi wa tano maumivu yaliniwia makali. Nesi Elizabeth akashauriana na daktari, dawa ikaongezwa. Mwezi wa saba ikaongezwa tena. Hesabu hiyo ya mtoto wa kidato cha kwanza mimi sikuifanya: kwamba nilikuwa napata pungufu kwa sababu sehemu iliishia kwa Kija, na kila kilipoongezwa kipimo changu, funda lake nalo lilikuwa na nguvu zaidi. Niliona alivyobadilika. Aliacha kuimba akiosha vyombo. Alianza kusinzia juu ya vitabu. Siku za Jumamosi alikawia kuamka, lakini wakati wa kikombe changu hakukosa hata siku moja. Nikamsifu kwa watu kwamba nina mjukuu anayejali.

Wiki ya kwanza ya mwezi huu namba yake ikatoka kwenye ndoo.

Nilikuwepo ofisini. Vile vipimo ni vijiti vyenye mistari, na namna vinavyosomwa ni kinyume cha unavyodhani. Mstari ukitokea, mtoto ni salama. Usipotokea, ameshikwa. Mkuu wa shule alivipanga juu ya karatasi nyeupe, tukakaa kungoja. Mstari wa bangi ukatokea. Mingine ikatokea mmoja mmoja. Ule wa jamii ya afyuni ulibaki mweupe. Mkuu wa shule aliinua kijiti dirishani, akakigeuza, akakirudisha mezani polepole. Nilijua kabla hajasema. Nilijua kama mtu anavyojua jina lake.

Yeye alidhani ni heroini. Alikuwa na huruma, mama yule. Akafunga mlango, akaniuliza kwa sauti ya chini, "Mzee wetu, nyumbani kwako nani anashika chakula cha mtoto?"

Nilichotakiwa kusema kilikuwa kifupi. Nikajibu, "Dada yangu Milembe."

Ni kweli ndiye anayepika. Nilisema kweli, nikaitumia kama uongo. Nilifanya hivyo kwa sababu mbili, na zote ni ndogo. Niliogopa chupa itachukuliwa na maumivu yatanikuta mtupu. Na niliogopa watu wajue kwamba Mwalimu Januarius, aliyewafundisha watoto wao kwamba hakuna uchawi, amekuwa akionjesha uji kama wazee wa zamani.

Kija aliitwa, akaulizwa amepata wapi. Alinitazama mimi, si muda mrefu. Akasema hajui. Wakamuuliza tena, wakamtisha na polisi, akasema hajui. Tukiwa njiani kurudi, nyuma ya bajaji, aliniegemea begani akasema, "Guku, nikiwaambia watakunyima dawa. Utalia usiku."

Yeye ana miaka kumi na saba. Mtihani wa taifa ni mwezi wa kumi na moja na jina lake limeshasajiliwa. Nilimwacha aseme hivyo.

Neno nililolisema ofisini halikukaa ofisini. Sijui lilipita kwa nani. Ndani ya siku chache wanawake waliokuwa wanateka maji na Milembe wakaanza kwenda mapema bila kumwita. Mboga zake zikarudi kutoka sokoni kama zilivyokwenda. Wanasema alimwekea mtoto kitu kwenye mboga, na kwamba ndicho alichomwekea Martha, na sasa zamu ni ya kaka mtu. Wanasema macho yake ni mekundu. Mariana, macho ya mwanamke aliyekaa jikoni kwa kuni za mkaratusi maisha yake yote yawe na rangi gani?

Jumatano asubuhi tulikuta mwimo wa mlango wake umekatwa kwa panga. Mikato mitatu, mipya, ndani ya mti bado peupe. Wewe umekulia huku. Hujasahau maana yake kwa mwanamke mzee anayelala peke yake, na hujasahau vikongwe waliokatwa tukawazika. Milembe alipitisha kidole kwenye mikato ile, akachukua ufagio akafagia vipande vya mti, kisha akaja kunipikia. Alisema tu, "Kaka, mtu akikuuliza habari zangu, mwambie nilikuwa nakupikia." Sikuweza kumtazama. Tangu siku hiyo nimemlaza chumba cha ndani na Kija, na mlango nauegemeza kiti, mimi ambaye siwezi kukinyanyua kiti bila kupumzika.

Nilidhani hapo ndipo ubaya unapoishia: mtoto asiye na kosa na dada asiye na kosa, na mimi nikikiri, kila kitu kinarudi mahali pake. Nilianza kukiri kwa Kija. Juzi jioni alipoleta kikombe nilimwambia asionje tena, adabu ile nimeifuta, anipe tu.

Alisema sawa. Akanyoosha kikombe, nikakishika, naye hakukiachia.

Tulikaa hivyo, mikono minne kwenye kikombe kimoja. Hakuwa anatania. Macho yake yalikuwa kwenye dawa, hayakuwa kwangu, na mdomo wake wa juu ulikuwa umelowa jasho ilhali upepo ulikuwa unaingia. Kisha akashtuka, akaachia, akatoka mbio. Nilisikia anatapika nyuma ya zizi. Jana alitetemeka kutwa nzima akasema ni malaria. Mafua yanamtoka, miguu inamuuma, hataki kuguswa. Leo asubuhi nimeinua chupa kwenye mwanga. Imepungua chini ya alama niliyoiweka mimi.

Kwa hiyo kipimo hakikusema uongo. Ule mstari mweupe ulisema hasa kilichokuwemo.

Sasa sikiliza nilivyopanga. Bodi inakaa Alhamisi ya tarehe ishirini na tano kumjadili Kija. Nimeomba gari lije kunichukua. Nitasimama, au nitakaa kama siwezi kusimama, niwaeleze haya yote mbele ya wajumbe, pamoja na jambo la Milembe, na nimeomba mwenyekiti wa kitongoji awepo ili alipeleke kwenye mkutano wa kijiji. Nitawaomba waifute kanuni ile niliyoiandika, na wamtafute Jilala pia. Sijui kama watanisikiliza. Watu huamini haraka zaidi habari ya bibi kizee kuliko ya chupa.

Lakini nahesabu pumzi zangu na sina hakika na tarehe hiyo. Ndiyo maana barua hii inatangulia. Ukisikia nimekufa kabla ya Alhamisi ile, usije kwanza kwenye msiba. Nenda shuleni na karatasi hizi, uzisome kwa sauti, zote, na hapo palipoandikwa kuhusu ngao usiparuke. Mwandiko wangu wanaujua. Nimewasahihishia wengi wao madaftari.

Nesi Elizabeth anakuja leo baada ya ibada. Nitamwambia yeye kabla ya wengine, kwa sababu mtoto hawezi kungoja bodi. Najua chupa itaondoka nyumbani na nitakuwa napewa dawa kwa mkono wake pale anapoweza kufika. Anakaa mbali na ana wagonjwa wengi. Katikati ya ziara zake kutakuwa na masaa ambayo nimeyaogopa kuliko kifo, na yatakuja, na nitayapitia. Kija naye atapewa matibabu. Atakuelekeza nesi jinsi ya kukaa naye. Katekista Thomasi ndiye atakayeipeleka barua hii kwenye basi.

Wewe njoo, mayu. Funga duka. Mwanao atakuwa mkali, atasema uongo, atakuibia. Usimpige. Ukiona anatafutatafuta kabatini, mkumbuke alivyobana pua siku za kwanza. Na usimwache Milembe abaki nyumba hii peke yake nikishazikwa, hata kwa siku moja. Mchukue Tunduma. Yeye hataki, atakuambia kuku wake hawana mtu. Mchukue na kuku.

Wasalimie wote wa huko: mama mwenye nyumba wako, majirani wa dukani, na yule mdogo wako Jenipha ukipita Mbeya. Mwambie sijamsahau, ni mkono tu. Milembe anakusalimu, hajui ninachokiandika, ameona kalamu tu akarudi jikoni. Kija bado amelala.

Nimekawia hapa kwa sababu Milembe ameingia na uji. Ameuweka mezani, akasimama kama kawaida, akachukua kijiko aonje, maana ndivyo nilivyomfundisha. Nimemwambia akirudishe kijiko. Ameniangalia sana. Kisha amekaa pembeni ya kitanda, jambo ambalo hajafanya tangu mama yako afe, nami nimekunywa mpaka nimeona chini ya bakuli. Una sukari nyingi mno. Amekuwa akiniwekea sukari nyingi mno siku zote hizi, na mimi nilikuwa natafuta ladha nyingine.

Mungu akushike njiani, akufikishe kabla sijaondoka. Akiniruhusu nikuone, nitaomba msamaha kwa mdomo. Asiponiruhusu, nimeshauomba hapa kwa mkono.

Ni mimi baba yako, ambaye hakuacha kukupenda hata alipokuwa anakukosea,

Januarius